X ya Nyumba ya Zena

Mimi ndiye niliyesema mtaa wetu haufi. Watu wananijua, Mama Rogath wa duka la sufuria; mdomo ninao na sikatai. Wateja walikuwa wanaishia barabara kubwa, sisi huku nyuma ya soko tunashinda tukipiga miayo. Nikawaita wenye maduka na wapangaji, nikawaambia hakuna wa kuja kutufanyia, tujifanyie wenyewe. Tukazibua mtaro, tukafunga taa, tukaanza kupaka nyumba zote rangi nyeupe.

Nyumba ya mwisho walikuwa wamepanga Zena na mumewe Rajabu, dereva wa lori linalotoa mizigo bandarini kupeleka Tunduma. Nyumba ya zamani, ya mawe na udongo. Wakaguzi walishapita wakachora X nyekundu ukutani: ukuta wa nyuma umepasuka, watu wahame. Zena alikuwa ameshafunga vyombo, anahamia kwa mama yake Mbagala.

Hapo ndipo roho iliponichafuka. Zena alikuwa anapika vitumbua barazani, na ni vitumbua vile vilivyokuwa vinawavuta watu wakunje kona asubuhi. Akiondoka, rangi yote ile tumempakia nani? Na ile X, jamani, ilikuwa inatia nuksi. Nikamwambia fundi apake na hapo.

Akasita. "Mama, hii si alama ya wakaguzi?"

"Nimesema paka."

Zena alirudi kutoka kununua mchele, akakuta ukuta mweupe. Akanijia dukani.

"Shikamoo, dada. Ina maana nyumba imesamehewa?"

Nilikuwa na wateja watatu kwa mpigo, kitu ambacho sikukiona mwaka mzima. Nikamjibu, "Marahaba. Si unaona mwenyewe?"

Akacheka kwa furaha, akaenda kufungua vyombo vyake. Nilimtazama mpaka anaingia ndani. Ningeweza kumwita, na sikumwita.

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Ijumaa mchana Zena yuko chumba cha nyuma anaosha mchele, ukuta ukamlalia. Tulifukua kwa mabeleshi na kwa mikono. Tulipomfikia alikuwa ameshakufa.

Sasa mtaa umejaa. Watu wanatoka mpaka Posta kuja kununua kwetu, wananipa hongera, na kila hongera inanichoma. Vitumbua anapika mtu mwingine. Mimi sivili.

Baada ya arobaini Rajabu akaja dukani. Nikampa kigoda, akakaa.

"Mama Rogath, mke wangu alinipigia simu nikiwa Tunduma, akaniambia nyumba imesamehewa. Nani alimwambia?"

Nilijua hiyo ndiyo nafasi yangu ya kusema. Halafu nikasikia mdomo wangu unasema, "Sijui, mdogo wangu. Mimi hakuniuliza."

Akatikisa kichwa. "Basi alijidanganya mwenyewe. Kaona rangi tu, akarudisha vyombo. Mtu mzima na akili zake!"

Akaanza kumsema mkewe pale mbele yangu, kwa uchungu, kwamba alikuwa mbishi, kwamba hakuwa anafikiri, kwamba amemwacha peke yake kwa ujinga. Machozi yanamtoka huku anamtukana. Nikamsikiliza mpaka akamaliza.

Nikamwambia pole.