Firigisi ya Kuku Mwekundu

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili mtu asinisumbue nikifika mwisho.

Jumamosi ile ukungu ulikuwa umetoka baharini ukashuka mpaka vizingitini, na mimi nilikuwa jikoni namtengeneza kuku. Alikuwa kuku mwekundu wa Bibi Fytjie, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Alikuwa ameacha kutaga, bibi akaniletea asubuhi kunishukuru, maana nilimkanda mguu wake wiki nzima. Nikamnyonyoa, nikampasua, nikaifikia firigisi. Firigisi ni ya Sarel, mume wangu, na asipoiona kwenye sahani yake ananuna mpaka Jumatatu. Nikaichana ili nioshe mchanga. Ndani mlikuwa na punje za mahindi, vipande vya chupa na vijiwe. Kati ya vijiwe kulikuwa na kimoja cha ukubwa wa njegere, kina pembe, rangi yake ya chai nyepesi, na maji ya bomba yaliteleza juu yake bila kukilowesha.

Nikarudisha mikono yangu nyuma.

Kwetu mtoto akianza tu kutembea ufukweni anafundishwa hivyo, mikono nyuma, usiiname, usiokote. Babu yangu alipakia shaba kwenye lile gati la mbao, enzi za reli nyembamba, mabehewa yakivutwa na nyumbu. Baba yangu alivua kambakoche mpaka kiwanda kikafungwa. Sasa mji mzima unakula mawe ya thamani ya chini ya bahari. Bahari ikitulia vijana wanazama na mipira ya kufyonza changarawe, magunia yanafungwa kwa lakiri, na jiwe ambalo halikupita getini kwa karatasi ni jela, uwe mchungaji uwe nani. Jina lake hatulitaji. Tunasema "kile kitu", na hata hivyo tunasema polepole.

Baba alikaa jela miaka minne kwa ajili ya kile kitu, wala hakukiiba. Mgeni alikuja nyumbani akaketi mezani kwetu, akalia machozi ya kweli. Mkewe mgonjwa, ana jiwe moja tu, baba amsaidie kumpata mnunuzi. Baba akamwonea huruma, akalitia mfukoni. Mgeni akajifuta machozi, akatoa kitambulisho cha polisi. Nilikuwa na miaka tisa, nimesimama mlangoni na sahani ya mikate niliyotumwa nimletee huyo mgeni. Baba aliporudi hakushika tena hata chumvi ya mawe.

Kwa hiyo mtu asiniulize kwa nini niliogopa. Nilisimama pale mbele ya karo, nafikiria kulitupa chooni, nafikiria kulitupa motoni, namfikiria Sarel na kazi yake ya kulinda geti la magunia. Likikutwa jiwe ndani ya nyumba ya mlinzi, nani atasikiliza habari za kuku? Hapo mlango wa jikoni ukagongwa. Nikalirudisha jiwe ndani ya firigisi, nikaikunja, nikaitumbukiza kwenye sufuria pamoja na nyama.

Alikuwa Dawie, mjukuu wa Bibi Fytjie, mzamiaji. Wiki mbili kabla polisi walimkamata asubuhi, na jioni ile ile alikuwa barazani kwa bibi yake anavuta sigara. Mjini kwetu mtu anayetoka haraka namna hiyo watu humsalimia huku wakitazama viatu vyao. Wanasema polisi wameshamnunua, sasa anawategea wenzake. Na mimi nilisema hivyo hivyo, sikatai.

"Anti Rina," akasema, "yule kuku mwekundu wa bibi yuko wapi?"

"Yumo sufuriani. Umekuja kumpa pole?"

Hakucheka, yeye ambaye hucheka hata kanisani. "Na matumbo yake?"

"Matumbo ya kuku unayatakia nini wewe?"

"Anti, nakuomba. Matumbo na firigisi umeweka wapi?"

"Nimempa paka."

Akatoka akaenda kwenye pipa langu la taka, akapiga magoti, akalimwaga. Akarudi na manyoya mpaka viwikoni, akaketi kwenye kiti cha Sarel bila kukaribishwa. Akanieleza yote kwa sauti ya chini. Lile jiwe alilificha kwenye kopo la changarawe ya kuku, kwani nani angetafuta humo. Jana bibi akawamwagia kuku lile kopo. Leo, bibi alipokwisha kumleta yule mwekundu kwangu, Dawie aliwachinja wengine wote, hakukuta kitu. Na kuna wanaume wawili wa jijini wanaokuja Jumatatu kulichukua, na walishaliona kwa macho yao.

"Nikiwaambia kuku amelimeza, Anti, hata wewe ungeniamini?"

Kisha akalia.

Hapo ndipo alipokosea. Angenitukana, angenishika kwa nguvu, huenda ningemwonyesha ile sufuria. Lakini yale machozi yalinirudisha mlangoni na sahani yangu ya mikate. Nilimwona yule mgeni kabisa, na jinsi alivyotoa leso. 

"Sijui unasema nini, Dawie," nikamwambia. "Mimi humu nimeona mahindi."

Sufuria ilikuwa inachemka, mfuniko unacheza. Nilisikia kitu kikigonga chini, au nilidhani nasikia. Dawie aliitazama ile sufuria kwa muda. Akanitazama mimi.

"Haya, Anti," akasema, akatoka, akaurudisha mlango taratibu.

Sarel alipokuja nikamnong'oneza. Firigisi yake hakuigusa, wala hakununa. Usiku kucha tulilala tumeshikana mikono, na hatukuwa tumefanya hivyo tangu tuoane. Jumapili baada ya ibada tukatembea kwenda gatini pamoja na watu wote, kama kawaida ya Jumapili. Jiwe nilikuwa nimeliweka kati ya shavu na meno, kwa kuwa mifuko hupekuliwa. Njia nzima Sarel aliongea peke yake, watu wakashangaa, maana mimi kunyamaza si kawaida.

"Leo mkeo amemeza ulimi?" mmoja akamuuliza.

"Jino," Sarel akajibu.

Mwisho wa gati niliinama nikatema baharini. Nilidhani woga utashuka pamoja nalo, lakini haukushuka.

Jumatatu sikwenda kazini. Niliegemeza kiti mlangoni nikakaa juu yake, nikingoja. Kama si polisi, watakuja wale wanaume. Kila gari lilipopita nilikisukuma kiti zaidi mlangoni. Hakuna aliyekuja. Jumanne asubuhi wakamkuta Dawie kando ya reli ya zamani. Alikuwa hai, lakini vidole vya mikono yake vilikuwa vimevunjwa kimoja kimoja, vyote kumi.

Ndipo akili ikanijia, imechelewa. Angekuwa mtu wa polisi, wangeingia kwangu Jumamosi ile ile, jiwe liko jikoni. Na hawa wa jijini, kabla ya kidole cha kwanza bila shaka walimuuliza kuku alichinjwa nyumba gani. Wakamuuliza tena kabla ya cha pili. Alikuwa anaijua nyumba, na sufuria alikuwa ameiona. Mlango wangu haukugongwa.

Baada ya wiki tatu nilimpelekea Dawie mchuzi wa kuku. Bibi Fytjie alikuwa uani, anawatupia mahindi vifaranga wapya. Dawie alikuwa ameketi na mikono yake yenye plasta mapajani, nikamlisha kwa kijiko. Hatazama tena baharini huyu, kila mtu anajua. Alikula vizuri. Akameza, akatabasamu kwa upande wa uso uliopona, akasema polepole ili bibi asisikie:

"Anti, na huyu firigisi yake umempa paka?"

Nilitakiwa nipige magoti. Nilitakiwa nimwambie ndiyo, lilikuwamo, lilikuwa linagonga na wewe ulilisikia, nisamehe. Maneno nilikuwa nayo mdomoni, pale pale nilipolibeba lile jiwe.

Nikageuka nikatazama dirishani, kama kuna mtu anasikiliza.

"Kula, mwanangu," nikamwambia. "Kitapoa."