Mabega ya Kumbeba Mama Sijaona

Mama mkwe wangu alikuwa hawezi kukimbia, na mimi sikuwa na nguvu za kumbeba. Hilo ndilo tatizo lililoivuruga nyumba yetu ya Gasenyi mwaka ule, vita ikiwa bado iko milimani juu yetu.

Risasi zikianza kulia huko juu, Gasenyi yote inateremka Ngagara, mtaa wa chini mjini. Unachukua godoro, sufuria na watoto, unakwenda kulala kwa ndugu, halafu kesho au keshokutwa unarudi kuangalia kama mabati bado yapo. Tulishazoea. Lakini mkwe wangu, Mama Sijaona, alikuwa na goti bovu na mwili mkubwa, na mara ya mwisho tulimteremsha kwa toroli. Karibu na mfereji gurudumu likachomoka. Toroli likaenda kulia, Mama akaenda kushoto.

Hakuniambia neno. Alikuwa hajawahi kuniambia neno. Mimi na yeye tuliheshimiana: hatushikani mikono, hatuli sahani moja, hatutajani majina. Akiwa na jambo na mimi, analipitisha kwa mke wangu, hata kama nimekaa mbele yake.

"Saliha," alisema tuliporudi, "mwambie mume wako mi si takataka. Mu toroli siingii tena. Zikilia, muniache hapa na Mungu wangu."

"Mama anasema haingii tena kwenye toroli," Saliha akaniambia.

"Nimesikia."

"Na mi siwezi kumuacha mama yangu. Akibaki, nabaki. We utaenda na Asiya."

"We una wazimu?"

"Si unakimbia kila Jumamosi? Kabla ya hilo toroli, kila mara tukifika Ngagara tulikuwa tunakukuta umeshafika zamani, umekaa, jasho limekauka."

"Nilikuwa nimebeba godoro!"

"Godoro halikuzaa mutu, Baba Asiya."

Nilimjua Saliha. Akisema anabaki, anabaki.

Kumbeba Mama mgongoni halikuwa jambo la kufikiria. Mkwe ambebe mama mkwe, mikono aishike wapi? Afadhali risasi. Dawa aliitoa yeye mwenyewe, kupitia kwa Saliha kama kawaida. Alipoolewa, walimtoa kwao Ruziba ndani ya ingobyi, ile machela ya kusuka, miti yake ikiwa mabegani mwa wanaume wanne. Basi atatoka Gasenyi vilevile, au hatoki.

Wanaume wanne. Nilikuwa na klabu, lakini klabu yetu ilikuwa ya mbio tu. Kila Jumamosi asubuhi tuliteremka kwa mstari tukiimba mpaka Ngagara, tukapanda tena. Kiongozi alikuwa Astère, mtumishi wa serikali anayekaa Ngagara, mwembamba kama antena. Nikampelekea hoja: tuongeze vyuma. Mbio tunazo, mabega hatuna. Jirani wa gereji yangu, Twahiru mchomeaji, alikuwa na ekseli ya lori aliyoichomelea ngoma za breki huku na huku. Aliinyanyua kila jioni, na shingo yake ilikuwa imeshapotea. Nikamleta kwenye mkutano. Afadhali nisingemleta.

"Chuma kinafunga kifua," Astère akasema. "Mutu mwenye misuli anakuwa kama kabati. Mumeshaona kabati linakimbia?"

"Mi nimeshaona antena ikivunjwa na upepo," Twahiru akasema.

"Na upana huo, risasi itakukosa namna gani?"

"We endelea kukimbia, bosi. Utafika Tanzania peke yako. Utakula na nani?"

Watu wakacheka, Astère akanuna. Nikaona wataendelea hivyo mpaka giza.

"Misuli siitaki, na uzuri wa kifua siutaki," nikasema. "Nina mama mkwe wa kilo mia na zaidi, na mke aliyeapa kubaki naye. Nataka watu watatu."

"Zaidi kiasi gani?" akauliza Régis, muuza mkate, mtu anayefungua mdomo mara moja kwa mwezi.

"Sijui. Nimpime na nini?"

Régis akanyoosha mkono. Twahiru naye. Mwisho Astère akanyoosha, lakini kwa kutaka kuonyesha kwamba mbio zinatosha na kwamba chuma hatakigusa.

Tukafanya jaribio. Tukaazima ingobyi, ndani yake tukaweka bloku ya injini ya Toyota, ya mteja wangu, tukaifunika blanketi isichafuke. Astère na Régis mbele, mimi na Twahiru nyuma. Astère akaondoka kama mtu aliyefumaniwa. Hatujafika mbali, Twahiru alikuwa anapumua kama pampu ya baiskeli iliyotoboka. Tulipofika kwenye kizuizi cha askari, pumzi ya Astère ilikuwa nzima kabisa, ila bega lake lilikuwa limeshakataa. Mti ulikuwa umeteremka mpaka kwenye kiwiko.

Askari akavua bereti.

"Poleni sana. Ni nani?"

"Ni Toyota," Régis akasema.

Askari akarudisha bereti kichwani na kushika bunduki vizuri. Akafunua blanketi. Akaangalia injini, akatuangalia sisi.

"Munaipeleka hospitali?"

Ikabidi nimweleze yote, mama mkwe na goti lake. Alisikiliza mpaka mwisho. "Rudini nyumbani," akasema. "Munatisha watu."

Astère alitaka kuonyesha kwamba yeye hana shida, akageuka kabla hatujawa tayari. Bloku ikaanguka, ikapasuka. Mti ukaruka juu, ukamkuta mdomoni.

Jioni ile wanawake wawili walikuja kwangu na sufuria ya maharage kumlilia Mama Sijaona. Aliwafungulia mlango mwenyewe, akapokea maharage.

Wiki iliyofuata Astère alikuja kwa Twahiru, mdomo bado umevimba. Akasimama karibu na ile ekseli akiangalia pembeni.

"Nionyeshe," akasema.

"Nikikuonyesha, Jumamosi utanisubiri kwenye mlima?"

"Nitakusubiri."

Basi ikawa hivyo. Jumanne na Alhamisi vyuma, Jumamosi mbio, na Twahiru nyuma kabisa akitukana mlima. Mimi nilikuwa nikiinuka kitandani nalia kama mlango, na Saliha anacheka chini ya shuka.

Halafu mchana mmoja risasi zikalia. Hazikuwa za mbali kama siku nyingine; hizi zilitikisa vyombo mezani. Asiya tukampeleka na majirani. Mama Sijaona akakaa kwenye kiti chake. Saliha akakaa karibu yake, akakunja mikono. Nikasimama mlangoni. Régis alitoka nyumba ya tatu, Twahiru akatokea na aproni yake ya kazi. Watatu hatutoshi. Barabara nzima ilikuwa inateremka, magodoro, mbuzi, baiskeli, na katikati ya watu wote hao nikaona antena inapanda. Alikuwa ametoka kwake Ngagara mpaka kwetu bila kusimama.

"Tubebe," akasema. Hata hakuhema.

Mama akaingia kwenye ingobyi na termosi yake ya chai. "Saliha, mwambie mume wako, wakiniangusha nawalaani wote."

Tukaondoka. Hakuna aliyeimba. Kwenye mteremko kitu kikapasuka nyuma yetu, vumbi likatufunika, na Saliha akapotea mbele pamoja na watu. Bega langu la kushoto lilikuwa linawaka moto. Nikasema moyoni nimtue kidogo tu, nipumue. Nikaanza kuinama.

"Shakuru!"

Sikumjua anayeniita. Sauti ilitoka ndani ya ingobyi.

"We Shakuru! Badilisha bega, mujinga we! Usinitue!"

Nikabadilisha. Wote tukabadilisha. Kuanzia hapo alituendesha yeye, kama walivyoendeshwa wale waliomtoa Ruziba: mbele polepole, nyuma sukuma, Twahiru pumua na pua, Astère nyoosha mgongo. Kwenye kizuizi alikuwepo yule yule askari. Alitufungulia njia.

"Leo Toyota inaongea," akasema.

Ngagara tulimkuta Saliha na Asiya. Saliha alimshika mama yake, halafu akanishika mimi, mbele ya watu.

Ilitugharimu hivi. Bloku moja ya Toyota, niliyoilipa kwa kumfanyia mwenyewe kazi ya bure mpaka mvua zikaanza. Jino moja la mbele la Astère. Bega langu la kushoto, ambalo halipandi tena kupita sikio. Kandambili moja ya Mama. Na ile heshima yetu: tangu siku ile hapitii tena kwa Saliha. Kila kitu ananiambia mwenyewe, usoni, kwa jina langu.