Muhuri wa Siku ya Thelathini

Delphine Tackett alikuwa na vikaratasi viwili vya posta ndani ya mkebe wa kahawa, juu ya friji. Vyote vilisema kuna barua ya kusaini inamsubiri. Hakwenda kuichukua. Shemeji yake Clovis, ambaye tangu astaafu mgodini alijua kila kitu, alimshauri huku akila maharage na mkate wa mahindi mezani pake.

"Usiposaini, shemeji, hawajakupa. Watakubana vipi kwa kitu hujapokea?"

Delphine alitamani sana iwe kweli. Marehemu mumewe alisafirisha magogo kwa lori miaka mitatu bila kulipa kodi, na fomu za kodi zilikuwa na majina yao wote wawili. Sasa alibaki na mshahara wa kazi ya jikoni shuleni tu. Huo ndio uliomlipa mwanamke anayemwangalia mama yake mzazi mchana. Ukikatwa, bibi kizee yule angeshinda peke yake kitandani.

Siku ya kumi na tano tangu kikaratasi cha kwanza, simu ililia. Alikuwa Wilma Jean wa posta.

"Delphine, kilichomo sikijui, na hakinihusu. Ila kesho inabidi niirudishe ilikotoka. Njoo, mpenzi."

Akaenda, akasaini, akaisoma ndani ya gari. Asipoomba kusikilizwa ndani ya siku thelathini, ofisi ya kodi ingeanza kuchukua mshahara wake. Na siku zilihesabiwa tangu tarehe iliyoandikwa juu ya barua, si tangu aliposaini. Kumi na nane zilishapita.

Alipiga simu kwa wanasheria wa bure. Binti aliyepokea alimngoja atafute miwani, wala hakumharakisha.

"Jaza ombi la kusikilizwa, mama. Wakiwa bado wanakusikiliza, mshahara hawaugusi. Waambie utalipa kidogo kidogo, na uonyeshe matumizi yako. Lakini bahasha iwe na muhuri wa posta kabla siku hazijaisha."

Kukusanya risiti za dawa za mama kulimlia siku zote zilizobaki. Siku ya thelathini theluji ikaziba barabara ya kilimani. Trekta la kuiondoa lilipopita, ilikuwa saa kumi jioni. Delphine alifika posta saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Dirisha lilishafungwa. Kulikuwa na sanduku la nje, lakini barua ya humo ingepigwa muhuri kesho, mjini.

Akagonga kioo. Wilma Jean akatokea na ufagio.

"Gari la barua limeshaondoka, Delphine."

"Najua. Nataka tarehe tu. Leo ndiyo mwisho."

Wilma Jean aliitazama bahasha, kisha akatazama viatu vya Delphine vilivyolowa.

"Ingia. Vikung'ute kwanza, ndio kwanza nimepiga deki."

"Hutapata matatizo?"

"Kwa kupiga tarehe ya leo, leo?"

Akagonga muhuri. Ukatoka hafifu. Akaulowesha wino, akaugonga tena pembeni, akamgeuzia Delphine asome mwenyewe. Kisha akamwandikia risiti na kumpa kiti akae.

Jumapili Clovis alipopata habari, alitikisa kichwa. "Umejipeleka mwenyewe! Sasa wanajua unapokaa."

"Walijua zamani, shemeji. Kula, chakula kinapoa."

Ijumaa iliyofuata mshahara ulikuja mzima. Delphine alikaa kando ya kitanda cha mama yake na karatasi ya malipo mapajani, asiweze kufurahi. Siku ya kusikilizwa haikuwa imepangwa, na huenda wangekataa alichoomba. Mama yake akauliza kuna nini. Akamwambia hakuna, akamfunika miguu.

Jumanne alikuta kikaratasi kingine cha posta kimebandikwa mlangoni. Hakukitia kwenye mkebe. Aliwasha gari na kwenda posta, aproni ya jikoni ikiwa bado kiunoni.