Sakafu ya Mama Bado Mbichi

Usiku wa jana niliota nyumba ya mama ikinikataza kuipaka rangi. Nasema ile ndogo, niliyoichonga mwenyewe kwa foamu ya boksi la televisheni.

"Kwanza gundi," ilisema. "Rangi ya kupuliza inatuyeyusha sisi foamu. Huoni kopo linavyonitazama?"

Kopo la rangi lilikuwa limejifunga kitambaa shingoni. "Sina ubaya," likasema. "Nina njaa tu."

Nikachanganya gundi ya mbao na maji, nikapaka mkono wa kwanza, tabaka jembamba. Sharti ni moja: usiache tundu, rangi isije ikapenya. Kilichonishinda ni rangi ya mlango. Nyumba yenyewe, ya Korogwe, ilibomolewa barabara ilipopanuliwa, mama akiwa keshatangulia mbele ya haki, na picha hatuna. Nimeuliza ndugu zangu wote na kila mmoja ana rangi yake.

Ghafla tuko stesheni. Kipaza sauti kinatangaza kwamba mkono wa pili wa gundi umechelewa, abiria wavumilie. Tunakaa juu ya brashi. Hakuna anayelalamika.

Mkono wa pili unafika, na mimi niko kizingitini. Nyumba imekuwa kubwa kama zamani. Ndani mama anapiga deki, kanga kaikaza kiunoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Usikanyage, sakafu bado mbichi."

"Hata gundi yangu haijakauka."

"Basi tusubiri wote."

Tunasubiri. Ananiuliza kama nakula vizuri, namwambia nakula. Gundi inakauka kuanzia pembeni, na kila inapopita inaziba: tundu la panya, dirisha la jikoni, dirisha la sebuleni. Sasa mlango nao umeanza kujibana.

"Mama, fanya haraka. Mlango huu ulikuwa rangi gani?"

Akasimama na tambara lake mkononi. "Shomari, umetoka huko kote kuja kuulizia mlango?"

Nikakanyaga.

"Si nimesema usikanyage!" akafoka, sauti ileile, nami nikaamka nikicheka huku machozi yananitoka.

Nyumba ilikuwa mezani, gundi imekauka, mlango bado mweupe, haujapakwa rangi. Nikachungulia ndani. Sakafuni palikuwa na alama ya unyayo, ndogo kuliko punje ya mchele, vidole vikielekea ndani.

Nikawasha taa, nikatafuta alama ya kutoka. Haipo.