Tambuu ya Bi Sihaba

"Ukimshauri na huyu, Bi Sihaba, nakufelisha," alisema Daktari Ishaka, msimamizi wa mtihani, akifungua daftari lake.

Sihaba akaitikia kwa kichwa tu. Mdomo ulikuwa umejaa tambuu, aliyoikunja mwenyewe kwa majani mawili, chokaa na popoo ya kutosha kumnyamazisha kungwi aliyefunda wari miaka ishirini kama yeye. Bagamoyo nzima ilimjua kwa ulimi, na ulimi huo ndio uliokuwa ukimwangusha katika mafunzo ya wanasaikolojia wa vijana. Mtihani wa kwanza wa vitendo alimshauri kijana kabla hajakaa. Wa pili alimshauri kijana, mama wa kijana, na msimamizi. Huu ulikuwa wa mwisho.

Na cheti alikitaka kweli. Aliwahi kumwambia binti mmoja aliyemletea shida zake avumilie. Binti akavumilia, asimwambie mtu neno tena. Hilo lilikuwa bado likimuuma Sihaba.

Raya, kijana wa mtihani huo, akaingia, miaka kumi na minane, macho chini.

"Shikamoo, bibi."

"Mbahabaa," akajibu Sihaba, shavu limemtuna.

Raya alilitazama lile shavu, akatazama sakafu, akalirudia shavu. Nasaha saba zilimpanda Sihaba kooni. Akazimeza zote pamoja na maji ya tambuu, machozi yakamtoka.

"Jamani, bibi, usilie," Raya akasema, akimpa leso. "Mimi mwenyewe bado sijalia."

Hapo naye akaanza kulia.

"Nilifeli kidato cha nne. Nyumbani nimesema nimefaulu. Kila asubuhi naaga nakwenda chuo, nakaa kituo cha basi Kerege mpaka adhuhuri. Mama anajisifu kwa majirani, bibi, na mimi nasikia."

"Mmh," akasema Sihaba.

Raya alizungumza nusu saa nzima. Alipoinuka aliuliza, "Nikimwambia mama halafu mambo yakaharibika, nije?"

Sihaba akaitikia kwa kichwa, mara tatu.

Mlango ulipofungwa alimgeukia msimamizi. Daktari Ishaka hakuwa ameandika hata herufi moja. Alivua miwani, akaja taratibu, akaketi kwenye kiti cha Raya.

"Wanangu hawanisemeshi," alisema. "Mwezi wa pili huu."

Sihaba alikuwa ameshafungua mdomo. Akaufunga, akavuta kijaluba chake, akaanza kukunja tambuu nyingine.