Bati la Nyuma ya Kitanda

"Hilo nalo silo," fundi alisema, akalirudisha bati juu ya rundo.

Mama Sumaku, mwenye yadi ya vyuma chakavu, alishika kiuno. Jina hilo alilipata kwa sababu ya kipande cha sumaku alichokivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Hakikuingia kitu pale yadini bila kupimwa nacho kwanza.

"Tangu asubuhi unanigongea mabati yangu na kuyasikiliza kama daktari. La lori hutaki. La friji hutaki. Fundi mzima wa sufuria, unakosaje alumini? Kwako si imejaa?"

"Ya kwangu ni laini, shangazi. Ninalolitaka ni la boti ya mzee wangu. Linatakiwa nene, gumu, lisilokubali kukunjwa kirahisi."

"Kumbe ile boti bado i hai?"

"Hai! Hapo umeipendelea."

Mama Sumaku alicheka, kisha akakumbuka jambo. "Bati la namna hiyo niliwahi kuliona hapa mara moja tu. Marehemu mume wangu alimuuzia baba yako, siku ileile aliyonunua boti. Alilibeba kichwani mwenyewe, akasema ni la akiba, siku boti ikiugua. Hebu katazame nyumbani. Huenda lipo."

"Nitatazama," fundi alisema, akainama kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Hakuwa na haja ya kwenda kutazama. Bati lile lilikaa miaka mingi nyuma ya kitanda cha wazazi wake, limevikwa gunia. Yeye ndiye aliyelitoa, enzi za ujana wake, baba yake alipomtaka ashike kasia naye akataka kushika nyundo. Ndani ya nyumba walimwona mzururaji tu. Akajiambia ataliazima, atengeneze sufuria moja kubwa ya kuwafumba watu midomo, kisha atafute bati jingine alirudishe mahali pake. Bati likamgomea. Kila alipoligonga lilitaka kupasuka. Akalipaka sabuni, akaliweka juu ya moto mpaka sabuni ikageuka nyeusi, na hapo likalegea, likafuata nyundo kokote alikotaka.

Mama yake aliipokea sufuria kwa mikono miwili. Baba yake aliwaonyesha wageni: "Mwanangu huyu ni fundi, msimwone hivi." Fundi alifurahi kupita kiasi, na aibu ikamjia baadaye, mshono wa boti ulipoachia. Mzee aliingia chumbani kuchukua bati lake. Alikawia humo. Alipotoka hakuuliza kitu, akaomba matambara na lami.

Tangu hapo boti haikukauka tena. Mzee alipiga makasia, na mama akakaa nyuma na kopo akikumba maji, safari baada ya safari, huku akitaniana na abiria kwamba yeye ndiye injini. Fundi alikuwa akiwatazama kutoka ukingoni. Alikusudia kusema. Lakini leo kulikuwa na wageni, kesho mama amechoka, na mara kazi nazo zikamzidi. Mama akafariki mwaka juzi, naye hakuwa amesema.

Alipotoka yadini alimkuta baba yake ameketi mlangoni, mkoba wake umekwisha kufungwa. Kesho yake alikuwa anahamia ng'ambo ya mto, kwa binti yake.

"Umepata?"

"Sijapata, baba. Kwani boti ya injini ina ubaya gani? Ni dakika chache tu."

"Sipandi. Nimevusha watu tangu wewe hujazaliwa, leo nivushwe kama gunia? Kama yangu haiendi, basi nami siendi."

Fundi akaingia jikoni. Sufuria ilikuwa imetundikwa ukutani, safi, kama mama alivyoiacha. Aliigonga kwa kucha. Alijua bati likishaonjeshwa moto ule ugumu wake haurudi, lakini unene ulikuwa uleule, na kwa kuvuka mara moja lingetosha. Aliitoa nje.

Mzee aliitazama kwa muda mrefu. "Hiyo ni ya mama yako."

"Najua, baba."

"Haya. Kata."

Alikata ukingo kwa mkasi wa bati, akaipasua ubavuni, akaikunjua juu ya gogo na kuinyoosha kwa nyundo ya mti. Haikunyooka yote. Boti ilikuwa imepinduliwa kifudifudi juu ya magogo mawili, na kazi ya ribiti, zile pini za kubana bati, ni ya watu wawili, mmoja nje agonge na mwingine ndani ashikilie chuma kizito. Hapakuwa na mwingine. Mzee akajikunja, akaingia chini ya boti na chuma chake.

"Nikifia humu msinitoe," alisema kutoka ndani. "Nizikeni hivihivi."

Fundi aligonga ribiti ya kwanza, kisha ya pili. Sasa hawakuonana nyuso, na ndipo ulimi wake ulipofunguka.

"Baba. Hili bati…"

"Gonga."

Akagonga. "Hili bati ni lile la nyuma ya kitanda. Mimi ndiye niliyelichukua."

Chini ya boti chuma kilikwaruza bati. Kisha sauti ikaja, ya taratibu, isiyo na hasira.

"Nilijua siku ileile. Nilitaka kukukamata shati. Mama yako akanikataza. Akasema, mwache, atasema mwenyewe." Mzee alikohoa. "Kila ulipokuja kututembelea alikuwa anakusogezea kigoda karibu naye, akidhani ndiyo leo."

Nyundo ilibaki hewani. Fundi alikumbuka kile kigoda. Alikumbuka jinsi mama alivyokuwa akikipangusa kwa upindo wa khanga, akimwambia kaa, mwanangu, una haraka gani? Naye siku zote alikuwa na haraka.

"Gonga basi," mzee alisema. "Mkono unanichoka."

Asubuhi waliishusha boti majini. Mzee alishika makasia, hakutaka kusaidiwa. Fundi akakaa nyuma, mahali pa mama, na chini ya ubao akalikuta kopo lake, mpini wake bado umezungushiwa kitambaa alichokishona mama mwenyewe. Alilishika tayari, macho kwenye kiraka, akingoja maji yaingie.

Walifika katikati ya mto. Alipapasa kiraka kwa kiganja, akapapasa tena pembeni kwenye ribiti. Palikuwa pakavu.

"Vipi huko nyuma?" mzee aliuliza bila kugeuka.

"Hakuna maji, baba."

Mzee aliendelea kupiga makasia. Fundi naye alibaki amelipakata lile kopo tupu, kidole gumba kikipita na kurudi juu ya kitambaa cha mpini.