Mbwa Aliyewekwa Mwikoni

Jina la mbwa lilikuwa Hayawahusu. Aliyempa ni marehemu Gharibu, mwaka ule majirani walipomsema kwa kufuga mbwa ilhali baba yake alikuwa mwadhini. Kila jioni alipomwita mbwa wake kwa sauti, kijiji kizima cha Mtunda kilipata jibu lake, na hakuna aliyeweza kwenda kwa jumbe kushitaki kwamba katukanwa.

Gharibu alipokufa alimwachia mkewe Kuruthumu shamba la mpunga bondeni na mbwa wa kulilinda. Kimoja bila kingine si kitu. Nguruwe wa Rufiji wa zama zile za Mwingereza, watu wanaapa, waliingia shambani kwa safu kama askari wa Keya, wa mbele akionja na wa nyuma wakingoja amri. Asiye na mbwa aliamka hana hata bua. Kuruthumu alikaa juu ya dungu, kibanda cha miti mirefu kilichosimama katikati ya mpunga, na kazi yake ilikuwa moja tu, kulivuta lile jina: "Hayawahusuuu!" Mwangwi haujarudi, meno yalikwisha fika.

Mwaka wa pili wa ujane mbwa akashikwa na upele. Manyoya yalimtoka kwa vishungi, ngozi ikawa gome, akajikuna mpaka damu. Na kama kwamba hilo halitoshi, Jumbe Abbasi akapiga mbiu: ng'ambo ya mto kumeingia kichaa cha mbwa, mwezi ukiandama, bwana mifugo atavuka kwa pantoni ya Ndundu, na kila mbwa aletwe barazani. Mwenye udenda, risasi. Mwenye upele, risasi.

"Shemeji, huyo mpe mkono wa buriani," alisema Khamisi, mdogo wake marehemu, aliyekuwa amekuja kutoka Mbwera na mtumbwi wa ng'onda, samaki wakavu wa kuuza. "Hata risasi itaona kinyaa kumgusa."

"Kaka yako ndiye aliyeniachia."

"Na mimi kaka alikuachia, mbona hunipikii?"

Kuruthumu hakucheka. Alikuwa akiwaza. Mtu akitokwa na upele, wazee humweka mwikoni: samaki hali, nyama hali, chochote chenye harara hakigusi mpaka ngozi itulie. Na huyu mbwa, chakula chake ni nini? Nguruwe aliowaua mwenyewe, samaki waliooza kingoni mwa mto, na mizoga. Basi na yeye awekwe.

Akamfunga chini ya dungu. Akachukua chungu kilichovunjika mdomo, akakifanya cha mbwa peke yake, akampikia boga, mchicha, kunde changa na viazi vitamu, akamchanganyia machicha ya nazi. Mara ya kwanza mbwa alikitazama chungu, akamtazama mama, kama mgeni aliyengoja pilau akaletewa maji ya kunawa tu. Lakini njaa ni mshenga mzuri. Akala.

Jirani yake Mwanaharusi alikuwa akipita na mtungi. "Bibi weye! Umemtia mbwa jandoni? Ngoma lini, tuje tucheze?"

"Hayawahusu," alijibu Kuruthumu, na mbwa akatikisa mkia.

Mwezi ulipokuwa ukimalizika, vidonda vilikauka. Manyoya mapya yakaota, meusi, yakang'aa hata nzi waliotua mgongoni, kwa walivyosimulia, waliteleza wakaanguka. Siku ya baraza Kuruthumu alimwongoza mbwa wake kwa kamba mbele za watu, moyo ukimdunda kuliko wa bibi harusi.

Bwana mifugo aliitwa Shaban. Alimfunua mbwa mdomo, akampapasa mbavu. "Unampa nini, mama?"

"Mboga."

"Mboga na nini?"

"Na mboga."

Shaban akasimama. "Ngozi imepona kweli. Huenda ni mizoga wanayokula mbwa wa huku ndiyo iliyomdhuru. Lakini sasa mrudishie samaki, hata kichwa tu. Mbwa si mbuzi."

"Ahsante, bwana," alisema Kuruthumu kwa mdomo. Nyuma yake bunduki ya askari ikalia, na mbwa wa mtu mwingine akanyamaza. Atamsikilizaje mtu aliyekuja na bunduki?

Mila aliijua. Aliyekuweka mwikoni ndiye anayekutoa: hukulisha kwa mkono wake tonge la kwanza la kile alichokukataza, akakwambia nimekutoa. Kuruthumu hakuisahau. Aliogopa. Leo samaki, kesho upele, kesho kutwa bunduki. Akasema moyoni, baada ya mavuno.

Mpunga ulipoanza kubeba, mbwa alianza kupungua. Alikimbia mpaka ukingo wa shamba akasimama, mbavu zikipanda na kushuka. Fizi zikapauka. Manyoya tu ndiyo yaliendelea kung'aa, na Kuruthumu aliyatazama hayo manyoya, hakutazama kitu kingine.

Khamisi aliporudi na samaki wake, hakuleta utani. Alimtazama mbwa kwa muda mrefu. "Shemeji, huyu anahema naye amelala. Mtoe mwikoni."

"Baada ya mavuno."

"Mavuno ya nani?"

Alasiri ile manyunyu yalikuwa yakianguka, na matete yakatikisika. Nguruwe. Kuruthumu akapanda dunguni, akalivuta jina. Mbwa akainuka, akaenda. Alikwenda vilevile kama zamani, masikio nyuma, na kundi likavunjika, likarudi mateteni likipiga kelele. Kisha Kuruthumu akaona mpunga umetulia mahali pamoja, hautikisiki tena.

Akashuka mbio. Mbwa alikuwa amelala majini, hana jeraha hata moja. Akakinyanyua kichwa kwa mikono yake, yeye ambaye tangu aolewe hakupata kumgusa mbwa aliyelowa, kwa kuogopa najisi.

"Khamisi! Lete samaki!"

Khamisi akaja na perege wa kubanika. Kuruthumu akamega, akamtia mdomoni. "Nimekutoa, baba. Nimekutoa."

Mbwa alinusa. Ulimi ukagusa ile nyama. Hakuimeza.

Khamisi alichukua jembe, akachimba ukingoni mwa shamba. Mtu wa Mbwera, mtoto wa mwadhini, akimchimbia mbwa kaburi mchana kweupe. Walipomaliza Kuruthumu alinawa mikono mara saba, moja kwa udongo, kama sheria inavyotaka. Udongo wenyewe aliuchota pale pale, juu ya kaburi.

Kesho yake nguruwe wakarudi. Mpunga ulikuwa umesimama, mzito, hauna mlinzi. Kuruthumu alikuwa dunguni, na hakuwa na la kufanya. Akafumbua mdomo, na kilichotoka kilikuwa kilio zaidi kuliko mwito:

"Hayawahusuuu!"

Nguruwe wa mbele akasimama. Akainua pua. Wote wakasimama. Maisha yao yote hawakuwahi kulisikia jina lile yasifuate meno. Wakageuka, wakaingia mateteni.

Akaliita hivyo kila siku mpaka suke la mwisho likaingia ghalani. Wapita njia waliokuwa wakienda Kibiti walidhani wanaambiwa wao. Wakainamisha vichwa, wakapita.